Koleo Lililorudi kwa Meli

Mmeniuliza mara nyingi, baada ya mazoezi ya kwaya, kilichonipeleka Ireland ni nini, na kwa nini nilirudi koti langu likinuka moshi. Kila mara nimesema "ilikuwa vizuri" na kutafuta mlango. Mnanijua. Ninyi mkishahamia kicheko cha pili, mimi ndiyo kwanza ninapata neno la kwanza. Kwa hiyo nimeandika. Imenichukua Jumapili tano. Shule yangu iliishia darasa la sita, kambini Uganda, basi mkikuta kosa liacheni lipite.

Habari za tiketi na karatasi naziruka. Hakuna anayependa kuzisoma.

Forest

Maman Nora alikuwa mama mzee wa Ireland aliyeishi Forest, hapa Brussels, ghorofa ya tatu, upande wa kiwanda cha magari kilichofungwa. Nilimfanyia usafi na kumnunulia vitu Jumatatu hadi Ijumaa. Ofisi ya wafanya usafi ilinipeleka kwake kwa sababu nilikuwa na Kiingereza kidogo cha kambini, na Kifaransa chake, baada ya miaka arobaini ya kufagia maofisi ya Brussels, kilikuwa bado kinatambaa.

Alikuwa na kaka mmoja tu aliye hai, Mattie, aliyebaki katika nyumba ya wazazi wao huko mashambani. Waligombana siku moja baada ya kumzika mama yao. Kwa sababu gani, hakuniambia. Aliniambia tu kwamba alipotoka alichukua koleo la kuokotea makaa lililokuwa kando ya moto, akaondoka nalo hadi Brussels.

Alilitunza chini ya sinki, limefungwa gazeti. Ni chuma cheusi chenye miguu miwili, kirefu kama mkono wangu, na pale penye kushikwa pamelainika kama jiwe la mtoni. Alisema kwao mtoto mchanga akiachwa peke yake, koleo huwekwa juu ya kitanda chake limlinde. "Mimi nililala chini ya hili," alisema. "Mattie pia."

Akaniomba kitu kimoja. "Nikifa, lirudishe. Lilikuja kwa meli, lirudi kwa meli. Na umwambie Mattie kwamba nililichukua ili anifuate."

Niliahidi. Nilidhani bado kuna miaka.

Jumatatu moja ya mwezi wa tano nilifungua mlango nikamkuta sakafuni jikoni. Daktari alisema amekufa tangu Jumamosi. Ghorofa ile ina milango mitano. Radieta ilikuwa na joto lake la kila siku, redio ilikuwa inazungumza, na hakuna jirani aliyejua lolote. Tulimzika watu wanne: mimi, padri, na wanaume wawili waliobeba jeneza kwa sababu ndiyo kazi yao.

Nilimwandikia Mattie. Jibu lilitoka, kiangazi kikiisha, kwa jirani yake, mama anayeitwa Breege, likiwa na namba ya simu na mistari miwili: Mattie haandiki barua. Njoo tu.

Maman Vumilia, dada mdogo wa mama yangu, alinifungia chakula cha njiani katika chumba chake kilicho juu ya duka la vitenge, Chaussée de Wavre.

"Donc unaenda kwa bazungu benye haujue, juu ya chuma?" aliuliza. "Chuma ya jikoni?"

"Niliahidi, maman."

"Bon. Kama uliahidi, enda. Lakini utakula nini? Bale bantu banakula viazi tu, asubui na mangaribi."

Akaongeza kwanga ya tatu, ule mkate wa muhogo, juu ya makayabu, samaki wa chumvi, na kitenge cha kufungia koleo. "Usiende kukaa kimya kule," alisema. "Batasema mutoto wa Kongo ni bubu."

Midi hadi Cherbourg

Basi la Paris lilitoka kituo cha Midi likiwa limechelewa saa tatu, na hakuna aliyetuambia sababu. Watu waliulizana wao kwa wao. Mimi nilisimama karibu na kundi moja nikawa nasikiliza majibu yao. Kwa sababu ya zile saa tatu nilikosa treni ya kutoka Paris, na nilipofika bandarini Cherbourg meli ilikuwa imezuiwa na bahari chafu hadi kesho yake.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki mchana wote. Mvua ilipiga kioo. Nilikula nusu ya kwanga na mkia wa samaki, na mama mmoja aliyekuwa kiti cha pili akahama na watoto wake, polepole, kama mtu anayenyoosha miguu. Makayabu hayajui kujificha.

Kwenye ukaguzi, kijana wa usalama alifungua kitenge akaita mwenzake. Huyo naye akaita wa tatu.

"Hiki ni nini?"

"Ni cha moto," nilijibu.

"Moto gani?"

Nilitaka kueleza habari ya Maman Nora yote, nikaona foleni nyuma yangu, nikaacha. Wakaleta mkubwa wao, mwenye nywele nyeupe. Alilishika koleo, akalifungua na kulifunga mara mbili hewani, kama anayeokota kitu. "Bibi yangu alikuwa na kama hili," aliwaambia vijana wake. "Ninyi hamjui kitu." Akanirudishia kwa mikono miwili.

Melini

Safari ya meli ni karibu mchana na usiku. Nilikaa na dereva wa lori, mtu wa Rumania, kwa sababu meza nyingine zilikuwa na familia. Alinipa kipande cha soseji. Nami nikamkatia kwanga. Aliinusa, akaniuliza kama ni jibini. Nilikosa neno la Kiingereza la muhogo, nikasema ndiyo. Akaila yote kwa heshima, macho yakiwa ukutani, kisha akaenda kulala na hatukuonana tena. Nikabaki na koleo mapajani. Kila nilipotazama dirishani niliona uso wangu tu, na nyuma yake giza.

Basi la Mayo

Kutoka Dublin nilipanda basi la kwenda magharibi, Mayo. Saa nne za majani, mawe na kondoo. Dereva hakuniuliza ninashuka wapi. Aliuliza, "Unakwenda kwa nani?"

"Kwa Mattie. Kaka yake Nora."

"Nora aliyeondoka na koleo?"

Nilishangaa hata nikaonyesha kitenge. Dereva alitazama kile kifurushi, akarudisha macho barabarani. Aliponishusha njia panda, mahali pasipo na kituo, alisema, "Nyumba yenye moshi, kushoto. Huwezi kuikosa." Basi likaondoka, na sikusikia kitu isipokuwa upepo.

Nyumba

Ilikuwa ndefu na nyembamba, nyeupe kwa chokaa, paa la nyasi limefungwa kwa kamba na kila kamba imening'inizwa jiwe ili upepo wa bahari usilibebe. Nilisimama. Mnajua nyumba za nyasi tulizoziacha Kivu. Sikutegemea kuona moja kwa mzungu.

Mlango ulikuwa umekatwa katikati. Nusu ya juu ilikuwa wazi, na juu ya ile ya chini vimeegemea viwiko viwili na kofia.

"Wewe ndiye wa Nora," alisema mwenye kofia.

"Ndiyo, papa."

"Umeniitaje?"

"Papa. Kwetu mzee huitwa hivyo."

Alifikiri. "Hapa hata kuku hawaniiti hivyo. Ingia upesi kabla hawajaingia wao."

Ndiyo kazi ya mlango wa nusu. Mwanga na hewa viingie, kuku wasiingie, na zamani watoto wasitoke. Vyumba ni vitatu kwa mstari, jiko katikati, na kila mtu anayekwenda chumbani lazima apite mbele ya moto. Kuta ni za mawe. Niliweka mkono katika shimo la dirisha hadi kwapani ndipo vidole vikagusa kioo.

Mattie ana miaka themanini na kitu na hutembea kwa fimbo. Alinionyesha nyumba kama anayemtambulisha mtu. Watoto kumi na mmoja walizaliwa humu. Wavulana walilala juu, kwenye mbao chini ya paa, wasichana chumba cha mashariki. Mtoto wa kiume akioa, wazee walihamia chumba cha magharibi na kumwachia jiko. Kando ya moto ukutani kuna kishimo chenye kitanda na pazia. Hapo alilala mama yao hadi kufa kwake. Na upande wa chini wa jiko sakafu imeinama kidogo, ina mfereji.

"Wa nini?" niliuliza.

"Ng'ombe. Wakati wa babu yangu alilala hapo majira ya baridi. Ng'ombe anayeuona moto hutoa maziwa zaidi."

Nilimwambia bibi yangu alilala na mbuzi wake ndani, kwa sababu hiyohiyo na kwa sababu ya wezi. Alifurahi. "Basi alikuwa mwanamke wa maana," alisema.

Moto wao ni wa mboji, udongo mweusi wa kinamasi unaokatwa kama matofali na kukaushwa. Hauna mwali mkubwa. Unakaa tu, mwekundu, na unanuka kama shamba lililochomwa mbali. Juu yake kuna mkono wa chuma wenye kulabu, na hapo pananing'inia birika.

Nilifungua kitenge. Mattie alilichukua koleo bila kunitazama, akaokota kaa moja, akalisogeza sentimita mbili, akalirudisha palepale. Karibu na moto niliona waya wa uzio uliokunjwa. Ndio aliokuwa akitumia.

"Hukununua lingine, papa?"

"La nini? Lilikuwepo. Halikuwa hapa tu."

Nikamwambia neno la Nora, kwamba alilichukua ili afuatwe. Aliliegemeza koleo kando ya moto.

"Mimi nilikuwa nangoja alirudishe," alisema.

Tulikula viazi. Maman Vumilia alisema kweli kabisa. Viazi, kabichi, nyama ya nguruwe ya chumvi, na mkate wa magadi uliookwa ndani ya chungu cha chuma, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Baadaye Mattie alizungumza sana, akinyoosha fimbo kwenye moto. Kiingereza chake kilikwenda mbio nami nilikuwa sijalala vizuri siku tatu. Niliitikia kwa kichwa, kama nifanyavyo nisipoelewa na kuona haya kuuliza. Kisha nikaingia nyuma ya pazia na sikujua kitu tena.

Majivu

Niliamka kukiwa na mwanga mdogo. Mattie alikuwa bado chumba cha magharibi. Mekoni hapakuwa na moto, ni kilima cha majivu tu, kimepangwa vizuri.

Sasa niwaambie nilivyofikiri, maana kosa lilianzia hapo. Kwa watu wa bibi yangu, kilio kikiisha, majivu ya jiko huzolewa yote. Hutupwa mbali na nyumba, makaa humwagiwa maji, jiko hufagiliwa, na moto mpya huwashwa. Yasipozolewa, marehemu hukaa mlangoni, hajui kama aingie au aende. Nilimwona bibi akifanya hivyo kwa babu, mwaka mmoja kabla hatujakimbia. Maman Nora alizikwa na watu wanne, na hakuna aliyemwondolea majivu. Radieta haina majivu. Nikaona: hapa ndipo penye jiko lake, na koleo limerudi. Nani mwingine atafanya?

Ningeweza kumngoja mzee niulize. Lakini mnanijua. Kufanya kazi kimya ni rahisi kwangu kuliko kuuliza.

Nilizoa majivu ndoo mbili. Ndani yake nilikuta makaa mekundu, kama manane, nikayabeba hadi uani nikayamwagia maji. Yalilia sana. Nikafagia hadi jiwe likawa safi. Nilikuwa na kiberiti mfukoni, tayari.

Mlango wa magharibi ulifunguka. Mattie alisimama akiwa na shati la kulalia, akatazama meko. Hakupiga kelele. Alikuja na fimbo yake, akainama kwa shida, akaweka kiganja juu ya jiwe.

"Nilikuambia jana," alisema.

"Sikuelewa, papa. Niliitikia kwa kichwa tu."

Akanieleza tena, polepole. Kila jioni moto hufunikwa majivu, kama mtoto anavyofunikwa, na asubuhi hufunuliwa. Moto ule haukuzimika tangu babu wa babu yake. Vita vilipita, njaa ilipita, watoto wote walikwenda Amerika na Uingereza, na Nora akaenda Brussels. Yeye alibaki kwa ajili ya nini, kama si huo?

Nilimwambia nilichotaka kufanya, na kwa ajili ya nani. Kiingereza changu kilikatika mara nyingi. Alisikiliza hadi mwisho, kiganja bado juu ya jiwe.

Nikatoa kiberiti. Akatikisa kichwa.

"Si hicho. Nenda kwa Breege, nyumba ya bluu, ng'ambo ya daraja. Alichukua moto hapa wiki tatu zilizopita, baada ya kiangazi. Kama hajauacha uzime, ni huuhuu. Mimi miguu yangu haifiki. Chukua ndoo, na chukua koleo."

"Nimwambie nini, papa?"

"Mwombe moto. Unajua kuomba moto?"

Nilijua. Nilipokuwa na miaka sita bibi alinituma kila asubuhi kwa jirani na kigae. Lakini hapa Brussels, Koekelberg, nimekaa miaka minne katika chumba changu na sijawahi kugonga mlango ulio mbele ya wangu, hata siku nilipokosa chumvi.

Kwa Breege

Niliona daraja na nikaona nyumba ya bluu, na nikamwona mama mnene akija mbio barabarani, koti juu ya nguo ya kulalia, buti bila soksi. Alinikuta na ndoo tupu na koleo. Akashika kifua.

"Amekufa?"

Sikuelewa nani.

"Mattie! Hakuna moshi. Kila asubuhi nafungua pazia natazama moshi wake, na leo hakuna. Amekufa?"

"Hapana, maman. Yuko mzima. Ni mimi. Mimi nimezima moto."

Aliketi juu ya ukuta wa daraja, akalia kidogo, akacheka, kisha akanitukana. Sitaandika alivyosema, tuko kanisani. Kumbe kila nyumba ya pale ina mtu anayeitazama. Anayeishi peke yake hufunua majivu asubuhi, moshi hupanda, na huko ng'ambo mtu huweka birika na kusema: bado yupo.

Nilisimama pale nikaona ghorofa ya tatu, milango mitano, redio ikizungumza Jumamosi na Jumapili. Breege aliniuliza nina nini. Nikasema tu, "Naomba moto, maman. Kama haujazimika."

"Haujazimika," alisema. "Leo ni siku yake ya ishirini na mbili. Twende."

Jiko lake ni la chuma lenye mlango, lakini ndani ni mboji ileile. Nilishika makaa kwa koleo, moja moja, na halikuangusha hata moja. Akayafunika majivu kidogo. "Usikimbie," alisema. "Lakini usitembee kama padri."

Upepo ulikuwa mbele yangu. Niliifunika ndoo kwa kitenge cha maman Vumilia, kikaungua pembe. Mattie alikuwa mlangoni, viwiko juu ya nusu ya chini, nami nikamwona akihesabu hatua zangu. Tulipoyamwaga mekoni matatu yalikuwa meusi. Mawili yalikuwa mekundu. Alipiga magoti akayapulizia, mzee wa miaka ile, nami nikapiga magoti upande wa pili nikapulizia. Moshi ulipopanda tulisikia honi ya gari ng'ambo ya daraja, mara mbili. Ni Breege.

Kurudi

Nilikaa siku nne zaidi. Kila jioni Mattie alinipa koleo. "Wewe uliyeuleta, wewe uulaze." Nikaupanga na kuufunika. Lakini kwa aibu ya lile kosa nilikuwa sili vizuri, na aliona.

Siku ya kuondoka nilielekea mlango wa nyuma, maana barabara iko upande huo. Akanizuia kwa fimbo. "Uliingia kwa ule, utoke kwa ule. Usitubebee baraka zetu." Nikazunguka. Alinifuata hadi mlango wa nusu, akaufunga kati yetu, akaegemea.

"Nilipolazwa hospitali, miaka tisa sasa, moto uliwahi kuzimika," alisema. "Nilirudi nikakuta jiwe baridi. Breege wakati huo alikuwa kwa binti yake, jiko lake nalo baridi. Nikawasha kwa kiberiti. Sijamwambia mtu."

Nilitazama moshi uliokuwa juu ya paa.

"Kwa hiyo nenda ukale," alisema.

Ninawaambia ninyi kwa sababu hamtafika kule. Breege asijue.

Sasa nipo Koekelberg. Kutoka dirishani naona kuba la kanisa kubwa, na mapaa mengi yasiyotoa chochote. Chumba kina joto na hakinuki kitu. Jumapili ya kwanza, asubuhi, simu ililia. Breege alikuwa amenitumia picha bila maneno: paa la nyasi, na moshi umelala upande mmoja kwa upepo. Jumapili ya pili ikaja nyingine. Nilizitazama sana. Ya tatu ilipokuja nilitaka kujibu, lakini mimi sina moshi wa kumwonyesha mtu.

Nikaweka birika. Lilipochemka nililisogeza hadi dirishani, mvuke ukapanda kwenye kioo, nikaupiga picha nikamtumia.

Akajibu mara moja. "Tumekuona."